Bango Lililotazama Dirisha la Mzee Felisiani

Siku niliyokabidhiwa kibali cha bango pale Rubwera naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Usicheke. Harusi nilipangiwa na wazee, nikavalishwa, nikapelekwa. Kibali nilikihangaikia mwenyewe, na siku nilipokipata nilitoka pale halmashauri nimekishika kwa mikono miwili, hata kijana wa bodaboda akaniuliza kama nimeshinda kesi. Nikamwambia ndiyo, nimeshinda. Leo ningekitoa kile kibali, na bango lenyewe, na duka juu yake, ili nirudishiwe zile wiki zilizofuata niziishi upya.

Jana ulikuja kuniaga, ukaniambia unakwenda kuomba kibali cha bango la saluni yako. Ukanionyesha kwenye simu lile bango litakavyokuwa, yule dada aliyesukwa vizuri na jina lako kwa herufi kubwa. Sikukupongeza, ukadhani sijafurahi. Nimefurahi, mtoto wa watu, nimefurahi mno. Ila nilikuwa na neno nisilotaka kulisema mbele ya wenzako. Leo tuko wawili, kaa hapo, hizo ndizi zitamenywa tu. Nisikilize.

Wewe uliyekulia mbali umenikuta nauza unga na sabuni. Hukunikuta nikiuza majeneza. Naona umeshtuka. Basi ndiyo hivyo, bibi yako alikuwa muuza majeneza, na alikuwa anajulikana. Babu yako Deo, huyo unayemwona siku hizi anasinzia na redio yake, alikuwa fundi seremala hodari. Alitengeneza vitanda, milango, madirisha. Lakini watu wakifiwa walimjia mbio aache kitanda cha mtu amalize jeneza, maana vinginevyo ilibidi wapande gari mpaka Kayanga kutafuta lililo tayari, huku maiti iko ndani. Mimi ndiye niliyeona kwamba pale pana kazi. Nikamwambia tuwe nayo tayari, na sanda, na misalaba, na mashada. Deo hakupenda sana. Deo hapendi sana jambo lolote mpaka lizoeleke, unamjua.

Duka letu lilikuwa limejificha nyuma ya migomba, juu kidogo ya barabara. Mtu mwenye msiba alipita na haisi ya abiria hadi mbele, akauliza, akarudishwa nyuma. Nikapigilia ubao kwenye mkaratusi kando ya barabara, nimeuandika mwenyewe kwa rangi. Haukumaliza hata msimu. Wakaja watu wa barabara, wakauchora X nyekundu, na baadaye wakaung'oa wakautupa nyuma ya gari, senta nzima inatazama. Nilitamani ardhi inimeze. Mimi ni mtu wa Igurwa, nimelelewa na baba ambaye hata kuni hakuokota kwenye shamba la mtu bila kuomba, halafu leo mali yangu inachorwa X kama ya mhuni. Pale pale nikaapa kwamba bango langu la pili litakuwa na karatasi zake zote, lisiguswe na yeyote.

Basi nikaanza safari. Wilaya ya Kyerwa ilikuwa ndiyo kwanza imekatwa kutoka Karagwe, ofisi za Rubwera zilikuwa na watu wachache na kazi nyingi, kwa hiyo sitawasema vibaya. Nilianza kwa mtendaji wa kijiji, nikaenda kata, nikaenda halmashauri. Nikaambiwa nilete mchoro wa bango na vipimo vyake, na maneno yatakayoandikwa. Nikaambiwa waje kwanza wapaone mahali. Gari likikosekana, rudi Jumanne. Jumanne mhusika yuko kikaoni, rudi wiki ijayo. Nikawa narudi. Kuna afisa mmoja pale, mtu wa makamo, mpole, sweta haimtoki mwilini hata jua likiwaka, ndiye aliyenishika mkono kwenye zile karatasi. Jina lake si la kwangu kulitaja. Mkumbuke tu, tutarudi kwake.

Walipokuja kupima, wakasema kando ya barabara haiwezekani, ile ni hifadhi ya barabara. Karibu na kona haiwezekani, litawaziba madereva. Palipobaki ni pembe ya kiwanja chetu wenyewe, kwenye mwinuko, likitazama chini ng'ambo ya barabara. Ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba moja tu, ya Mzee Felisiani.

Sasa huyo Mzee Felisiani nikueleze. Alikuwa katekista, amefundisha watoto wa senta ile yote mpaka alipostaafu. Mimi nilipoletwa pale bibi arusi, simjui mtu, natembea nimeinamisha kichwa na mtungi wangu, yeye ndiye aliyeniita wa kwanza kutoka barazani kwake. "Koku, binti wa Igurwa, umeamkaje?" Sijui nani alimwambia jina langu. Na tangu siku ile hakunipita hata mara moja. Kusalimia ndiyo ilikuwa kazi yake baada ya kustaafu, namna nyingine siwezi kuisema. Alikaa pale barazani, kila apitaye anaitwa kwa jina, anaulizwa habari ya mtoto, ya ng'ombe, ya mguu uliokuwa unauma. Madereva wa haisi walimpigia honi, naye anainua mkono. Mkewe, Mama Pelagia, alikuwa akimtania kwamba angekuwa analipwa kwa salamu wangekuwa na ghorofa.

Halmashauri walitaka jirani aridhie kwa sahihi yake. Nikateremka na karatasi, mimi na Deo. Nikamweleza Mzee bango ni la nini, sikumficha, hata mchoro nilimwonyesha, jeneza jeupe na maua yake. Akacheka mpaka akakohoa. Akaweka karatasi juu ya goti, akatia sahihi ya kialimu, ndefu yenye mkia. Kisha akasema, "Weka, binti yangu. Ila la kwangu mwambie Deo alipige kwa mninga. Mkaratusi sitaki, unapinda." Tukacheka wote, na Mama Pelagia akacheka, akatuletea kahawa ya kutafuna. Hata Deo alicheka, na baadaye kimya kimya akaziweka pembeni mbao zake nzuri za mninga. Mzee alikuwa mzima wa afya siku ile. Yashike hayo mawili, kwamba tulicheka na kwamba alikuwa mzima.

Kibali hakikutoka kesho yake. Buni ilivunwa, ikaanikwa, ikauzwa, mvua zikarudi, mimi bado naambiwa njoo Jumanne. Na katikati ya huko kungoja, Mzee Felisiani akaugua. Ilianza kama homa, ikashuka miguuni, miguu ikavimba, na mwisho hakuweza tena kutoka barazani. Wakamhamishia kitanda chumba cha mbele, dirishani, ili asiwe mbali na barabara. Watu wakawa wanamwita kutoka njiani, naye anainua mkono kutoka kitandani. Haya yote niliambiwa na Deo. Mimi sikwenda.

Na hapa nataka unielewe, maana si kwamba nilikuwa sina utu. Muuza majeneza, mwanangu, hana raha ya kumtembelea mgonjwa. Niliwahi kwenda kumwona mama mmoja aliyekuwa na presha, nimebeba uji wangu, nikasikia mtu jikoni anasema yule amekuja kupima urefu. Walicheka, nami nikacheka, lakini nilipofika nyumbani nililia. Tangu hapo nikawa namtuma Deo kwa wagonjwa, mimi natuma ndizi na salamu. Nilijiambia namwonea huruma mgonjwa. Kweli nilijionea huruma mwenyewe. Kwa hiyo sikuwahi kuingia kile chumba, wala sikuona kile kitanda kilivyowekwa, wala nini kilionekana kutoka pale.

Ndipo kibali kikatoka, nikashuka Rubwera kama nilivyokwambia, nimeshinda kesi. Bango likachorwa na fundi wa rangi, nguzo za chuma zikasimikwa kwa zege, kila kipimo kama mchoro ulivyosema. Jeneza jeupe, maua ya waridi, jina la duka, na chini yake maneno niliyoyachagua mwenyewe, nikayapenda: TUKO TAYARI WAKATI WOWOTE. Nilikuwa nawaza mtu aliyefiwa alfajiri hajui aanzie wapi. Wallahi sikuwa na jingine moyoni. Lakini bango halisemi na yule unayemuwaza wewe. Linasema na anayelitazama.

Sikurudi kwa Mzee kumuuliza kama ridhaa yake bado ni ile ile. Ilikuwa imeandikwa, ina sahihi, ina muhuri wa kijiji juu yake. Ningeuliza nini tena?

Haikupita wiki nyingi nikaona watu wakimwita Mzee kutoka barabarani na hawajibiwi. Wanasimama kidogo, wanaita tena, wanaendelea na safari. Kisha nikaona pazia limefungwa mchana kutwa, pazia zito la kitenge. Nikasema moyoni, maskini, amelala. Biashara yangu wakati huo ilikuwa imechangamka, watu wanaliona bango tangu mbali, wananyoosha moja kwa moja. Nikawa na sababu nyingi za kutotazama lile pazia.

Mama Pelagia alikuja asubuhi moja, na mkungu wa ndizi kichwani. Ndiye mwenye mgonjwa, halafu ndiye anayeniletea zawadi. Hapo tu ningepaswa kujua. Akakaa, akauliza habari za watoto, za mvua, za nguruwe wetu. Akazunguka, akazunguka, kama watu wazima wa kwetu wanavyofanya jambo likiwa zito. Mwisho akasema, macho yakiwa chini, "Koku, lile bango lako ni zuri. Haliwezi kutazama upande mwingine kidogo, mpaka Mzee apate nafuu?"

Nilichofanya hapo, mwanangu, ndicho kinachoniamsha usiku. Sikumjibu kwa ukali, maana sikulelewa hivyo. Niliinuka, nikaingia ndani, nikamletea kibali. Nikamwonyesha muhuri. Nikamsomea kile kipengele kinachosema tangazo lisibadilishwe bila idhini ya halmashauri. Nikamweleza kwa upole kabisa kwamba kugeuza ni kubadilisha, kwamba wakija wakikuta limegeuzwa watalichora X, na kwamba Mzee mwenyewe alisharidhia, tena alitania habari ya mninga. Mama Pelagia hajasoma sana, lakini alikitazama kile kibali kwa heshima yote, akakirudisha mikononi mwangu. Akasema amenielewa. Akashukuru, akashuka zake. Mkungu wake aliuacha.

Deo alisikia yote kutoka karakana. Akaja na vumbi lake la mbao mwilini, akasema tulifunike na lile turubai la kuanikia buni, limekunjwa tu nyuma ya duka. Nikamwambia kufunika nako ni kubadilisha. Akanitazama. Nikamwambia anitazame atakavyo, mimi ndiye niliyechorewa X, si yeye. Ila usidhani nilipuuza. Nikamwambia kesho nakwenda Rubwera kuomba idhini ya kuligeuza, kwa utaratibu. Unaona? Nilijiona mtu mwema sana. Najisumbua kwa ajili ya jirani, napanda bodaboda kwenye tope kwa ajili ya jirani.

Nikaenda. Afisa wangu wa sweta hayupo, yuko safarini. Nikaacha barua. Nikarudi wiki nyingine, barua haijasomwa. Nikarudi tena, nikaambiwa atakuwepo siku inayofuata. Kila nikirudi napita mbele ya lile pazia, na kila nikipita nasema moyoni, vumilia Mzee, linashughulikiwa. Nilikuwa nimezoea kungoja. Ile miezi ya kungoja kibali ilikuwa imenifundisha kwamba mwenye subira ndiye anayepata. Sikufikiri kwamba safari hii anayengoja si mimi.

Siku niliyomkuta afisa, alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaisoma barua yangu mbele yangu. Akaisoma mara ya pili. Akaniuliza kama mgonjwa bado yuko. Nikasema yuko. Akaniuliza kama bango liko wazi mpaka leo. Nikasema liko wazi, sijaligusa, nimefuata masharti yote. Nilitegemea anisifu, nakwambia ukweli. Akavua miwani, akaiweka juu ya barua yangu.

"Mama," akasema, "kibali kinakuruhusu kuweka bango. Hakikukatazi kumhurumia mtu. Ungelifunika siku ile ile ukaja kunieleza baadaye, nani angekuchora X? Mimi?"

Nilitaka kumwonyesha kile kipengele. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye mstari. Akanizuia kwa mkono, si kwa hasira. Akasema kile kipengele kiliandikwa kwa ajili ya wale wanaoomba bango la maziwa na kuandika la pombe, hakikuandikwa kwa ajili ya jirani yangu. Akaniambia niende nyumbani, karatasi zitanifuata.

Sikumbuki nilivyotoka pale. Nakumbuka nilimwambia kijana wa bodaboda akaze mwendo, na alikaza, na mvua ilikuwa inatupiga usoni. Nilikuwa nalifikiria lile turubai la buni tu, lilivyokunjwa nyuma ya duka, kavu, limefungwa kamba. Tulipokaribia senta nikaona watu wamesimama kwa Mzee Felisiani. Wanaume wameketi kwenye mabenchi nje. Akina mama wanaingia na kuni. Nikajua kabla sijaambiwa.

Sikwenda kwa wafiwa. Nilikwenda nyuma ya duka, nikachukua turubai, nikapanda mwenyewe kwenye ngazi ya Deo na gauni langu la kwendea Rubwera, na mvua inanyesha, nikalifunika lile bango. Kamba inateleza kwa mvua, haifungiki. Watu wote kule chini wananitazama. Nilipomaliza ndipo nikashuka, nikavuka barabara, nikaingia uani na matope yangu. Mama Pelagia alikuwa ameketi kwenye nyasi na wenzake. Aliponiona akainuka, akanipa mkono. Nikapiga magoti.

"Lifunue tu, Koku," akaniambia, sauti yake ile ile ya siku zote. "Aliyekuwa hawezi kulitazama hayupo."

Hakunifukuza. Hakunisema kwa mtu. Angenisema ningepata nafuu.

Jeneza walilinunua Kayanga. Lilikuja jioni juu ya haisi, limefungwa kamba na kufunikwa nailoni, likapita chini ya bango langu lililovaa turubai, likakata kushoto, likaingia kwa Mzee. Lilikuwa la mkaratusi. Deo alisimama mlangoni mwa karakana akalitazama mpaka likateremshwa. Zile mbao zake za mninga zilikuwa nyuma yake, zimeegemezwa ukutani, na hakuna mtu wa ile nyumba aliyekuja kuziulizia. Babu yako hakunilaumu hata siku moja, wala hakuwahi kuzitumia zile mbao kwa kazi nyingine.

Baada ya mazishi tulibaki akina mama kusafisha. Nikapewa chumba cha mbele, sijui kwa bahati au kwa makusudi. Nikatandua shuka, nikachoka, nikaketi juu ya kitanda pale alipokuwa akilaza kichwa. Nikafungua pazia ili nione vizuri. Dirisha lile ni dogo, la mbao, la zamani. Nilitegemea kuona barabara, watu, haisi. Mwanangu, halikuonekana lolote ila bango langu. Kutoka kitandani ukiwa umelala, barabara iko chini huioni, watu huwaoni, lile bango ndilo limejaza dirisha kutoka pembe hii hadi pembe ile. Hata likiwa limefunikwa lilijaza. Nikajaribu kujilaza kama alivyokuwa amelala, nikafumba macho, nikayafumbua. Nikaliona kama alivyoliona yeye, bila turubai: jeneza, na yale maneno yangu. Kila alipoamka.

Mama Pelagia alinikuta hapo. Aliketi pembeni yangu. Akaniambia kwamba mwanzoni walijaribu kukigeuza kitanda, lakini Mzee akiwapa watu kisogo alisikia vibaya, anaitwa na yeye amegeukia ukuta. Ndipo wakafunga pazia. Kila asubuhi Mzee alikuwa akimuuliza mkewe kama bado lipo, naye, kwa alivyoambiwa na Deo, anamjibu kwamba Koku analishughulikia huko Rubwera. Mzee akawa anasema, basi tumngoje, Koku ni mtu wa utaratibu. Hakusema kingine juu yangu. Nilimuuliza Mama Pelagia, nikamsihi aniambie kama alinikasirikia, akasema hapana, alikuwa ananingoja tu.

Tuliligeuza juma lile lile. Deo na vijana wawili, ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na chai wakanywa kabla ya saa nne. Idhini ilikuja baadaye sana, ikiwa na muhuri mzuri. Niliendelea kuuza majeneza miaka kadhaa, ila moyo ulikuwa umetoka, na mwisho nikafunga nikaanza unga. Mama Pelagia tuliendelea kusalimiana mpaka alipohamia kwa mwanawe kule Kituntu. Alinisalimia vizuri siku zote. Dukani kwangu hakuingia tena.

Sasa sikiliza ninachokuambia, maana chai yako imepoa. Kibali kitafute. Usije ukasema bibi kanikataza karatasi. Fuata utaratibu wote wa Rubwera, usimpe mtu chochote chini ya meza, na usipigilie kitu kwenye mti kama nilivyofanya mimi. Lakini ujue halmashauri inapima bango kutoka barabarani. Inapima urefu, inapima umbali, na ni kazi yao kupima hivyo. Hakuna afisa atakayeingia chumbani kwa jirani yako akae kitandani kwake. Hiyo ni kazi yako wewe. Kabla fundi hajasimika nguzo, vuka barabara, bisha hodi, omba ukae pale wanapokaa, utazame pale wanapotazama. Na ukishaweka, nenda tena, kwa sababu mtu aliyekukubalia akiwa mzima anaweza kuwa mgonjwa, aliyecheka anaweza kuwa amefiwa, na ile sahihi yake haijui habari hizo. Na siku jirani akija kwako anazungukazunguka na mkungu wa ndizi kichwani, usiende ndani kuleta karatasi. Inuka ukafunike. Mengine utaeleza baadaye, na ukichorwa X kwa sababu hiyo, njoo uniambie, nitakwenda nawe Rubwera na miguu yangu hii mibovu.

Mkabala na saluni yako pana nyumba ya mabati ya bluu. Jana nilikuuliza nani anakaa pale, ukaniambia hujui, ni wapangaji tu.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akutangulie njiani, akupe maafisa wenye moyo kama yule wangu wa sweta, akupe wateja mpaka viti vikuishie. Bango lako lisimame mvua na jua, na liwe habari njema kwa kila jicho litakalolazimika kulitazama. Na Mungu akurudishe salama, uje uniambie jina la anayekaa kwenye ile nyumba ya bluu.